Gonga Chasisi Kwanza, Rangi Baadaye

Land Rover 109 inayouzwa Buzebazeba, hapa Kigoma, au popote kati ya Mwanga na Ujiji, mara nyingi humfikia mnunuzi ikiwa na rangi mbichi. Madigadi yanang'aa, boneti inang'aa, matairi yamesuguliwa yakawa meusi tii, na mtu aliyelitamani gari hilo tangu utotoni anatoa fedha zake akiamini amepata gari zima. Mvua za kwanza zikishanyesha, kishikio cha springi kinaachana na chasisi njiani kuelekea Uvinza, na hapo ndipo inajulikana kwamba rangi ile ilipakwa juu ya kutu. Nimeona hasara hiyo ikiwapata watu makini kabisa, na inaniuma, kwa sababu ukaguzi ambao ungewaokoa hauhitaji mengi zaidi ya asubuhi moja chini ya gari lililooshwa na kukauka, bisibisi ya zamani, nyundo ndogo, tochi, kipande cha chaki na nguo usiyoionea huruma.

Nitazungumzia zaidi Land Rover kwa kuwa ndiyo iliyobaki katika nyua nyingi za huku kwetu, na ndiyo inayolipa jasho la mwenye kuitengeneza. Mwenye pikapu ya Peugeot 504 naye atapata la kwake.

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa kikigawiwa kwa mgao, ilhali alumini iliyokuwa ikitumika kuundia ndege ilikuwa imebaki tele. Wahandisi wakaamua bodi iwe ya mchanganyiko wa alumini, na chuma kiachwe kwa sehemu zinazobeba uzito: chasisi, ukuta unaotenga injini na abiria, na fremu za milango. Uamuzi huo wa shida ndio uliozaa usemi unaosikika gereji zote za Tanzania kwamba Landrova haishiki kutu. Ni kweli nusu. Madigadi ya mwaka 1965 yanaweza kuwa mazima mpaka leo huku chasisi iliyo chini yake ikipitisha kidole. Namba 109 yenyewe ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Toleo la Series II lilitoka mwaka 1958, IIA mwaka 1961, na Series III likaanza 1971 na kuendelea hadi 1985. Ni gari lililozoeleka katika misheni, hospitali na ofisi za serikali. Hata Jane Goodall na mama yake walipokuja Kigoma Julai 1960, waliletwa kutoka Nairobi kwa Land Rover iliyozidiwa mizigo, ikiendeshwa na mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt, kabla hawajapanda boti kwenda Gombe.

Kwa kutu hiyo wengi wetu tunalilaumu ziwa. Tanganyika tunalionea. Maji yake ni baridi, na upepo wake haubebi chumvi kama ule wa Tanga au Unguja unaokula bati la nyumba kabla mwenye nyumba hajamaliza kulilipia. Unyevu wa ziwa unachangia, lakini wakosaji wakubwa ni wengine. Wa kwanza ni udongo mwekundu wa barabara zetu, unaorushwa na matairi, ukajikusanya juu ya chasisi na ndani ya mashimo yake, ukashika maji wiki nzima baada ya mvua kukatika. Wa pili ni majani. Gari linaloegeshwa chini ya mwembe hupata kivuli kizuri, lakini majani na maua huingia kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, yakaoza humo, na chuma kinachoyazunguka hakikauki kuanzia Oktoba mpaka Mei.

Wa tatu ndiye mkali kuliko wote, naye ni wa hapa kwetu hasa: chumvi ya Uvinza. Chemchemi za maji ya chumvi zilizo karibu na mito ya Ruchugi na Malagarasi zimechemshiwa chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba hapo miaka ya 1960 walikuta mabaki ya vyungu na majiko ya zamani mno. Chumvi hiyo ilibebwa kichwani hadi Ujiji na mbali zaidi, kisha zikaja treni na magari. Sasa fikiria pikapu iliyopakia magunia ya chumvi kwa miaka, au samaki wa chumvi, na kila safari maji machungu yanatiririka sakafuni, yanapita kwenye matundu ya bolti, yanaingia ndani ya chasisi. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo hata Julai, vumbi likitimka barabarani, humo ndani mna majimaji. Ndiyo maana kwa gari kuukuu la Kigoma swali la kwanza lisiwe bei. Uliza lilibeba nini.

Kutu huhitaji chuma, maji na hewa kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, haitokei. Ushahidi mkubwa wa kanuni hiyo ni meli ambayo kila mtoto wa Kigoma anaijua. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, na kampuni ya Meyer mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli. Mafundi watatu, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walisimamia kuiunganisha, na Februari 1915 ikaingia majini ikiitwa Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walilazimika kuondoka, na amri ikatoka kwamba izamishwe isije ikaangukia mikononi mwa adui. Mafundi wale wakaifunika mitambo yake kwa grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, wakaizamisha taratibu karibu na mdomo wa Malagarasi tarehe 26 Julai 1916. Wabelgiji waliiinua baadaye, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Waingereza walipoitoa Machi 1924, injini na maboila yake yalikuwa bado yanafaa. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari tena kwa jina tulilolizoea, na injini zilezile za mvuke ziliendelea kuisukuma mpaka zilipobadilishwa kuwa za dizeli miaka ya 1970.

Mwenye gari azingatie jambo moja katika kisa hicho. Grisi ile ilipakwa juu ya chuma safi, kikavu, kabla maji hayajakigusa. Kutu ikishaingia, ukaipaka grisi au rangi juu yake bila kuitoa, unafungia maji na chumvi humo ndani, nayo kazi inaendelea bila wewe kuiona. Hapo ndipo rangi mbichi ya gari linalouzwa inapomponza mnunuzi.

Ukaguzi ufanyike kiangazi, Juni hadi Agosti, ili ukianza kutengeneza usishtukizwe na mvua. Osha kwanza, kwa kuwa matope hayakaguliki. Tumia mpira wa maji na brashi ya plastiki yenye mpini mrefu, na usisahau kuingiza maji ndani ya chasisi kupitia matundu yake mpaka yatoke meupe. Usilipeleke gari ziwani. Oili inayobaki pale ndiyo inayokutana na ndoo za mama zetu na mitumbwi ya dagaa, na hilo si jambo la kufumbiwa macho. Liache gari likauke juani siku mbili tatu.

Kisha linyanyue. Jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika moja. Udongo wa nyua nyingi za Ujiji ni laini, na jeki hutitia upande bila kutoa taarifa. Weka ubao mpana chini ya jeki, simamisha chasisi juu ya stendi za chuma au magogo mazito yaliyokatwa sawasawa, zuia matairi kwa mawe, na tairi la akiba lilaze chini ya chasisi kama kinga ya mwisho. Litikise gari kwa nguvu kabla hujaingia. Likicheza, anza upya.

Anza nyuma. Boriti ya nyuma, ile inayobeba ndoano ya kuvutia, hupigwa matope na magurudumu yote mawili, na ndiyo hutangulia kufa. Igonge kwa nyundo kila baada ya sentimita tano. Chuma kizima hulia kama kengele ya shule. Kilicholiwa huitika kizito, bila mwangwi, na pengine kikamwaga unga mwekundu usoni pako, kwa hiyo vaa miwani. Pale sauti inapobadilika, sukuma bisibisi. Usilionee gari huruma hapa. Bisibisi ikizama, hujaharibu kitu. Tundu lilikuwapo tayari, likifunikwa na rangi. Chora duara kwa chaki palipotoboka, na mstari palipobonyea bila kutoboka, kisha songa mbele.

Fuata vishikio vya springi, kimoja baada ya kingine, maana hivi ndivyo vinavyoamua kama gari litembee au lilale. Fuata ile mikono inayotokeza ubavuni mwa chasisi kushikilia bodi. Matope hukaa juu yake kama yamewekewa rafu. Sehemu ngumu ni mgongo wa chasisi, upande wa juu, chini ya sakafu na juu ya tangi la mafuta. Jicho halifiki. Zamani tulitumia kipande cha kioo; siku hizi simu inatosha: washa taa yake, ipenyeze, piga picha, itoe utazame. Mkono wenye glavu nao upite, ukitafuta magamba. Kutu iliyokomaa hukaa tabaka juu ya tabaka, kwa kuwa hujaza nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, na ukiichokoa hutoka vipande vipana kama kiganja. Pima kwa macho kinachobaki baada ya magamba kutoka. Chasisi ya 109 ilianza maisha yake ikiwa na bamba la milimita 2 hivi. Hakuna ziada ya kuchezea.

Utashangaa kukuta chini ya injini na gia boksi pakiwa pazima. Hapo oili imekuwa ikivuja kwa miaka hamsini, na imefanya kazi ileile ya grisi ya Liemba.

Mbele, funua mkeka wa sakafu pale miguu ya dereva inapokaa. Kona za sakafu hiyo, na nguzo za chuma zinazobeba bawaba za milango, hukusanya maji yanayoingia kwa kioo cha mbele. Fungua vifuniko vya hewa chini ya kioo, toa majani yote, mulika. Halafu tazama kingo za chini za milango. Ukiona malengelenge na unga mweupe badala ya mwekundu, hiyo ni alumini inayoliwa kwa sababu imegusana na chuma penye maji. Metali hizo mbili zikikutana kwenye unyevu, alumini ndiyo hujitoa. Dawa yake ni kuzitenganisha kwa rangi au kipande cha mpira wakati wa kufunga upya.

Sumaku ya spika mbovu ni mkaguzi mzuri, ila ielewe. Kwenye madigadi ya Land Rover haishiki kabisa, na hilo lisikutishe, kwani alumini haivutwi. Lakini isiposhika sakafuni kwa dereva au kwenye nguzo ya mlango, jua umekuta puti, au kiraka kilichobandikwa kwa ribiti kuficha tundu. Kwa Peugeot sumaku ina kazi kubwa zaidi, kwa sababu bodi yake yote ni ya chuma. Ipitishe taratibu chini ya milango kuanzia gurudumu la mbele hadi la nyuma. Sehemu hiyo kwenye magari ya aina hiyo husaidia kubeba gari, kwa hiyo kiraka cha puti hapo ni hatari kwa maisha, hata kama kimesuguliwa vizuri kiasi gani.

Ukishatoka chini ya gari, hesabu alama zako za chaki. Matundu kwenye mikono ya ubavuni na boriti ya nyuma yanatengenezeka bila wasiwasi. Bisibisi ikipita kwenye vishikio vya springi, au karibu na boksi la usukani, gari hilo lisiendeshwe tena mpaka litengenezwe. Na kama bado hujalinunua, muoneshe muuzaji alama hizo kimyakimya. Bei itashuka yenyewe.

Sasa matengenezo. Hapa ndipo kijana wa gereji bubu atakapokujia na wazo la haraka.

“Mzee, hapa tunabandika bati tu, tunapiga rangi, unakwenda nalo hadi Kasulu.”

“Na kurudi, mwanangu?”

Bati la kuezekea lina unene usiofika hata nusu milimita, nalo limepakwa zinki. Likichomelewa, zinki hutoa moshi mweupe, na fundi aliyeuvuta hulala usiku huo akitetemeka kwa homa. Kiraka chenyewe hakibebi chochote. Pleti ya milimita 2 haina gharama ya kutisha, na hutahitaji kubwa.

Kabla ya kuchomelea, kuna vipande vinavyofunguka: bawaba, sahani ya betri, mabano, vifuniko. Hivi nisingependa vipelekwe kwenye grenda, maana grenda hula chuma kizima pamoja na kutu. Ipo njia ya upole inayofanyika uani kwa vitu vinavyopatikana sokoni, na mimi huipenda kuliko zote. Chukua ndoo ya plastiki ya lita 20, ijaze maji, koroga vijiko vitano vya chakula vya magadi, haya haya tunayotia kwenye maharage. Tundika kipande chenye kutu katikati ya maji kwa waya. Pembeni simamisha vipande vya nondo ya kawaida, visigusane nacho hata kidogo. Chaja ya betri ya kizamani, ile nzito isiyo na akili za kielektroniki, waya wake wa hasi ufunge kwenye kipande chenye kutu, na wa chanya kwenye nondo. Ukigeuza hizo mbili, utakila kile ulichotaka kukiokoa. Kwa hiyo hakiki mara ya pili. Washa.

Ndani ya dakika chache viputo vidogo huanza kupanda kutoka kwenye kutu, na povu la kahawia huelea juu. Viputo hivyo ni haidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hiyo kazi hii ni ya uwanjani penye hewa, mbali na jiko la mkaa na mbali na sigara. Acha usiku kucha. Asubuhi zima chaja kabla ya kutia mkono. Kutu nyekundu itakuwa imegeuka tope jeusi linalotoka kwa brashi ya kawaida, na chini yake utakuta alama ambazo kiwanda kilizichapa na ambazo hakuna aliyeziona tangu gari liingie nchini. Magadi ya sokoni huwa na chumvi kidogo ndani yake, hivyo suuza kwa maji safi mara kadhaa, anika juani, na upake rangi siku hiyohiyo, kwa maana chuma kitupu huanza kuwa chekundu kabla ya magharibi.

Yapo makatazo matatu. Usitie alumini, magadi yataila. Usitumie vijiko au vyuma visivyoshika kutu badala ya nondo, hutoa sumu kwenye maji. Na usitie springi wala bolti ngumu za kushikilia ekseli, kwa sababu haidrojeni huzifanya ziwe rahisi kukatika. Nati na bolti ndogo zisizobeba uzito zinatosha kulowekwa kwenye siki siku moja, kisha zisuuzwe kwa maji ya magadi.

Kwenye chasisi yenyewe hakuna ndoo. Kata mpaka ufike kwenye chuma kinacholia. Vijana hukata tundu la ukubwa wa kutu inayoonekana, wakaishia kuchomelea pleti nzima kwenye ukingo mwembamba kama karatasi, na moto unatoboa. Ongeza sentimita mbili tatu kila upande. Kata umbo la kiraka kwanza kwa boksi la karatasi, lipachike, lirekebishe, ndipo ulihamishie kwenye pleti. Kona ziwe za mviringo, kwa kuwa kona kali ndipo ufa huanzia.

Betri ifunguliwe nyaya zote mbili kabla mashine ya kuchomelea haijawashwa, la sivyo altaneta inaweza kuungua. Tangi la mafuta kwenye 109 nyingi liko chini ya kiti; la stesheni wagoni liko nyuma. Lolote lile, lifunguliwe na kupelekwa mbali. Usiridhike kwamba ni tupu: tangi tupu lililojaa mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa petroli yenyewe. Weka ndoo ya maji na mchanga karibu, na mtu mmoja akae nje ya gari akitazama cheche zinakwenda wapi.

Mashine nyingi za mitaani kwetu ni za vijiti. Kwa pleti ya milimita 2, kijiti cha milimita 2.5 na ampea zipatazo 60 vinatosha, ukipandisha, unatoboa. Shika kiraka kwa matone machache, moja huku na jingine upande wa pili, acha kipoe, ongeza mengine katikati. Mstari mrefu wa moto mara moja hupinda chasisi, na chasisi iliyopinda italifanya gari likimbie upandeupande maisha yake yote. Kama hujawahi kushika kijiti, huu si wakati wa kujifunzia. Andaa kila kitu mwenyewe, safisha, kata, pima, kisha mwite fundi aliyefunzwa, tuseme kijana aliyepita chuo cha ufundi cha VETA, kwa kazi ya saa chache tu. Hapo utakuwa umelipia moto, si kuchokoa matope.

Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote kwenye magari yaliyokwisha kutengenezwa ni matundu kuzibwa. Chasisi ilitoka kiwandani na matundu chini yake ya kutolea maji. Fundi anaona tundu, anadhani ni kutu, analifunika. Kuanzia hapo maji yanayoingia juu hayana pa kutokea, na miaka miwili baadaye kiraka kipya kinaoza kutoka ndani. Nimeshawahi kutoboa chasisi ya namna hiyo katikati ya kiangazi, ikamwaga maji ya rangi ya chai. Kabla ya kupaka chochote, pitisha waya katika kila tundu, na kama limezibwa, lifungue upya kwa drili.

Rangi ya kwanza iwe redi oksaidi au praima yenye zinki, mikono miwili, ikifuatiwa na rangi ngumu ya juu. Lami siipendi. Inaonekana imara siku ya kwanza, lakini jua na mawe huipasua, na maji yakiingia chini yake hayatoki.

Kisha ndani ya chasisi, ambako brashi haifiki. Desturi ya gereji zetu ni kurushia oili chafu ya injini. Natamani desturi hiyo ikome. Oili hiyo imebeba tindikali na vumbi la metali, hulainisha bushi za mpira, na mvua ya kwanza huisukuma mtaroni, na mitaro ya Ujiji inateremka ziwani. Mkoa wetu na jirani zetu wa Tabora wana kitu bora kuliko hicho: nta ya nyuki. Iyeyushe ndani ya sufuria iliyowekwa kwenye sufuria nyingine ya maji moto, si juu ya moto mtupu, kwa kuwa nta huwaka. Ikishayeyuka, changanya na oili mpya kiasi sawa hivi, mchanganyiko uwe mwepesi ukiwa moto na mzito kama siagi ukipoa. Tafuta siku ya jua kali chasisi ikiwa imepata joto, uingize kwa bomba la kupulizia au kwa chupa yenye mrija, geuza pembe, rudia mpaka uone unachungulia kwenye matundu ya chini. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto sitini na kitu, joto ambalo chasisi ya Kigoma hailifikii kivulini. Itashika mwaka mzima, na kila kiangazi utaongeza kidogo.

Wapo watakaouliza kuhusu mawese, kwa kuwa ndiyo mafuta yetu na yako kila duka. Viwanda vya bati vya Wales viliyatumia kwa miaka mingi kukinga mabamba ya chuma yasishikwe na hewa kabla ya kuchovywa kwenye stani iliyoyeyushwa, ile metali inayopakwa makopo. Lakini kule yalikaa dakika chache. Kwenye gari yatakaa miezi, yatachacha, yatatoa tindikali, na vumbi litayanata. Yabaki jikoni.

Jambo la mwisho nalisema kwa sababu nimeona likimgharimu mtu gari lake. Kwenye 109 nyingi namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma, mbele upande wa kulia, karibu na kishikio cha springi, mahali hasa ambapo kutu hupenda na grenda hupita. Namba hiyo ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari, na bila hiyo polisi wa usalama barabarani na mamlaka ya mapato, TRA, hawana njia ya kujua kwamba gari ni lako. Itafute kabla hujawasha grenda. Isafishe kwa brashi ya waya ya mkono, polepole, ipige picha ukiwa na kadi pembeni yake ndani ya picha hiyohiyo, na mweleze fundi kwamba hapo hagusi. Kama chuma chenyewe kimeoza kiasi kwamba lazima kikatwe, simamisha kazi uende ofisini kwao kwanza, gari likiwa bado juu ya stendi. Kama ni kizima, usiifunike kwa rangi nzito wala kwa nta. Ipake grisi, ili atakayekuja kuikagua aifute kwa kitambaa na kuisoma tarakimu kwa tarakimu.